Sentensi yako ya "nataka" kwa Kijapani imekataa? Tafuta kosa hapa

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kijapani ana bahati moja ya wazi: irabu zetu tano ndizo zao, kwa hiyo akitamka hoshii au tabetai anaeleweka papo hapo. Shida humngoja kwenye sarufi. Kitenzi chetu -taka ni hodari kupita kiasi. Kinabeba kitu (nataka maji), kinabeba tendo (nataka kunywa maji), kinabeba hata mtu mwingine na tendo lake (nataka mama aje), na kote huko kinabaki kilekile. Katika mazungumzo ya kila siku Kijapani hakina kitenzi cha namna hiyo. Kutaka kwao ni kivumishi.

Vivumishi vyenyewe ni viwili. Cha kwanza ni hoshii (ほしい), ambacho husimama peke yake. Cha pili ni -tai (たい), kipande kinachobandikwa nyuma ya kitenzi na kukigeuza kitenzi hicho kuwa kivumishi. Makosa mengi ninayokutana nayo katika daftari za wanafunzi, ukiyachimba, chini yake utakuta jambo moja: mtu ameshika hoshii au -tai akidhani ameshika kitenzi. Kwa hiyo sentensi ikikataa, usikimbilie kamusi. Jiulize kwanza, kwa mpangilio huu: baada ya "taka" kuna kitu, tendo, au mtu mwingine? Moyo unaotaka ni wa nani? Na anayenisikiliza ni nani? Ukipata majibu, shuka hadi kwenye dalili inayofanana na yako. Alama ✗ ni sentensi mbovu.

"Watashi wa taberu hoshii"

Ulikusudia "nataka kula". Dalili ni kwamba Mjapani amekuelewa, lakini kabla ya kujibu anairudia sentensi yako kwa sura nyingine kidogo: "Aa, tabetai n desu ne." Hapo umesahihishwa kwa upole, na wengi hawagundui.

Hoshii haibebi tendo katika umbo la kamusi, kama taberu (kula). Ikiwa unataka kitu, sema Mizu ga hoshii desu (nataka maji), Jitensha ga hoshii desu (nataka baiskeli). Ikiwa unataka kufanya jambo, hoshii ikae kando. Chukua kitenzi katika umbo la -masu, ng'oa -masu, weka -tai: tabemasu (kula) inakuwa tabetai, nomimasu (kunywa) inakuwa nomitai, kakimasu (kuandika) inakuwa kakitai, machimasu (kungoja) inakuwa machitai. Hata vile vitenzi viwili vikorofi vinatii: shimasu (kufanya) inakuwa shitai, kimasu (kuja) inakuwa kitai. Ukianza na -masu huna haja ya kukumbuka kundi la kitenzi. Ukianza na umbo la kamusi utababaika, maana kaeru iko mara mbili: kaerimasu ya kurudi nyumbani inazaa kaeritai, na kaemasu ya kubadilisha inazaa kaetai.

Kuna kosa jingine linalojificha humu, nalo huwapata zaidi waliokwisha kujifunza umbo la -te. Wamezoea kaite kudasai (tafadhali andika), kwa hiyo wanatoa "kaitai" wakimaanisha kuandika. Bahati mbaya kaitai ipo, na maana yake ni "nataka kununua", kutoka kaimasu. Ukisema Tegami o kaitai desu, msikilizaji atajiuliza ni barua gani hiyo inayouzwa. Vivyo hivyo kwa ✗nondai na ✗mattai. Ni nomitai na machitai. Umbo la -te lina mahali pake katika habari hii, tutalikuta mbele, lakini si hapa.

Uangalie pia urefu wa irabu. Iitai desu ni "nataka kusema". Itai desu inaweza kuwa "nataka kuwepo hapa", na inaweza kuwa "naumwa". Mwanafunzi anayetaka kuchangia hoja darasani, akafupisha ile i ya mwanzo, anaweza kuulizwa anaumwa wapi.

"Hoshii deshita", "hoshii ja nai", "tabetai nai"

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na inafaa tupakalie.

Kivumishi cha Kiswahili hakijui wakati. Nyumba ni kubwa, nyumba ilikuwa kubwa, nyumba haikuwa kubwa: "kubwa" haigutuki, kazi yote inafanywa na "kuwa". Tukifika kwenye Kijapani tunatafuta "kuwa" yao, tunaikuta desu, tunaitwisha mzigo wote. Na kwa maneno mengi inaubeba: sensei deshita (alikuwa mwalimu) ni sahihi kabisa. Lakini vivumishi vinavyoishia na -i, kundi ambalo hoshii na -tai zimo, hubeba wakati na ukanushi vyenyewe ndani ya mwili wao. Desu inayofuata nyuma ni adabu tu. Ndiyo maana haigeuki kuwa deshita.

| | kitu | tendo (kunywa) |
|---|---|---|
| nataka | hoshii desu | nomitai desu |
| sitaki | hoshikunai desu | nomitakunai desu |
| nilitaka | hoshikatta desu | nomitakatta desu |
| sikutaka | hoshikunakatta desu | nomitakunakatta desu |

Jedwali hili lisome kwa sauti, safu kwa safu, mpaka ulimi uache kusita kwenye -kunakatta. Ukiwa na rafiki, ondoa desu, basi. Usiweke da mahali pake: ✗hoshii da haipo. Ukitaka ukanushi ulio rasmi zaidi, hoshiku arimasen na nomitaku arimasen zipo na ni nzuri.

"Hoshii ja nai" ni mbaya kuliko ✗hoshii deshita, kwa sababu haisikiki kama kosa. Kwa sauti inayopanda mwishoni inasikika kama "si unakitaka?" Wewe unakataa kipande cha keki, mwenyeji anasikia unamtania, na keki inaletwa.

Kwa vile ni kivumishi, -tai hufanya pia mambo mengine yote ambayo vivumishi vya -i hufanya. Hamu ikikujia ghafla, i inageuka ku na unaongeza naru: Shashin o mite, watashi mo ikitaku narimashita, yaani niliona picha nami nikapata hamu ya kwenda. Ukitoa sababu, -takute: Nihongo o benkyō shitakute, kono gakkō ni hairimashita, nilitaka kujifunza Kijapani, ndiyo maana nikaingia shule hii. Ukiweka sharti, -takereba: Kaeritakereba, kaette mo ii desu yo, ukitaka kurudi nyumbani ruksa. Hakuna kipya cha kukariri hapa kwa mtu anayejua kunyambua vivumishi vya -i kama takai (ghali) au samui (baridi).

Ila kuna maambukizi ya upande wa pili. Mtu akishaelewa -kunai na -katta huanza kuzipaka kila mahali, na wa kwanza kuumia ni suki (kupenda) na kirai (kuchukia). Kirai inaishia na i, inanukia kama ndugu yake hoshii, lakini ni ya kundi jingine. Si ✗kirakunai, ni kirai ja nai desu. Si ✗sukikatta, ni suki deshita. Ukiwa na wasiwasi, liweke neno mbele ya nomino: hoshii hon inakwenda moja kwa moja, lakini suki na hon, na vilevile kirai na hon, zinadai kijineno "na" katikati. Linalodai "na" hunyambuliwa kwa desu; lisilodai hujinyambua lenyewe.

Unasita kati ya ga na o

Sisi hatuna vijineno vya kuonyesha kazi ya nomino, kwa hiyo tunavipachika kwa kubahatisha. Kwa hoshii shika ga. Kinachotakwa ndicho kiima cha sentensi, kama katika "kanga hii imenipendeza", ambapo kanga ndiyo inayotenda na mimi nimekaa pembeni.

Kwa -tai zote mbili zinakubalika: Mizu ga nomitai na Mizu o nomitai. Ga inaegemea kitu chenyewe, hamu inayochoma: maji, si kingine. O inaegemea tendo zima. Kitenzi kikiwa kirefu au maneno yakiingia katikati, o hukaa vizuri zaidi. Nisingekesha juu ya tofauti hii.

Kinachostahili kukuamsha ni kwamba ga hugusa nafasi ya o peke yake. Vijineno vingine havisogei. Nihon ni ikitai (nataka kwenda Japani), Tomodachi ni aitai (nataka kuonana na rafiki), na ile ambayo kila mwanafunzi huandika katika insha ya kwanza kuhusu ndoto zake: Isha ni naritai desu, nataka kuwa daktari. ✗Isha ga naritai ni kosa. Katika kukataa, wa huja yenyewe mara nyingi: Biiru wa nomitakunai desu, yaani bia hapana, labda kitu kingine. Na ukiwa hutaki chochote, nani mo pamoja na ukanushi: Ima wa nani mo hoshikunai desu.

Kila kitu ni sahihi, ila unamzungumzia mtu mwingine

Unasimulia habari za nyumbani: ✗Imōto wa atarashii kutsu ga hoshii desu. Mdogo wangu wa kike anataka viatu vipya. Kijineno ni sawa, kivumishi ni sawa, bado sentensi inarudi na wino mwekundu. Wanafunzi hulalamika hapa kuliko mahali pengine popote, na wana haki, kwa sababu kanuni iliyovunjwa haionekani ndani ya sentensi.

Hoshii na -tai ziko katika ukoo mmoja na samui (kuona baridi), kanashii (kuwa na huzuni), na ile itai ya maumivu. Ni hali inayosikika ndani. Juu ya ndani yangu mimi nina mamlaka. Juu ya ndani ya mdogo wangu sina, na Kijapani kinanitaka nionyeshe nimejuaje: amesema, nimesikia, au nimemwona anavyotamani. Kiswahili hutuachia hiari. Tunaweza kusema "eti anataka viatu vipya" na hiyo "eti" ikaeleza kwamba habari ni ya kusikia, pengine na kashaka kidogo juu yake. Lakini tukiiacha, hakuna atakayetusahihisha.

Njia ninayoipendekeza iwe ya kwanza, kwa sababu haina mtego, ni kumnukuu: Imōto wa atarashii kutsu ga hoshii to itte imasu. Anasema anataka. Maneno ya ndani ni yake mwenyewe, ndiyo maana hoshii inaruhusiwa na ga inabaki. Itumie kwa ndugu, kwa rafiki, kwa bosi. Kwa mkubwa badilisha itte imasu iwe osshatte imasu.

Njia ya pili ni -garu. Hoshii inakuwa hoshigatte imasu, na tabetai inakuwa tabetagatte imasu. Sasa hiki ni kitenzi kweli, cha kundi la kwanza, na kitenzi kinarudisha o: Imōto wa atarashii kutsu o hoshigatte imasu. Ukikanusha ni hoshigaranai, si ✗hoshigakunai. Umbo la -gatte iru ni la sasa hivi, anaonekana anakitaka. Umbo tupu la -garu ni la tabia: Uchi no neko wa soto ni detagaru, paka wetu hupenda sana kutoka nje. Kumbuka kwamba -garu hueleza dalili za nje, macho yaliyokodoka na mkono ulionyooshwa. Inamfaa mtoto, paka, mdogo wako. Ukimwekea mwalimu wako, ✗Sensei wa kōhii o nomitagatte imasu, umemchora akiidondokea mate kahawa. Kwa kawaida hujiwekei wewe mwenyewe pia.

Njia ya tatu ni sō, nayo inaponzwa na herufi moja. Hoshii sō desu, i ikiwa mahali pake, ni "nimesikia anakitaka". Hoshisō desu, i ikiwa imeondoka, ni "anaelekea kukitaka, ukimtazama". Tabetai sō desu, nimesikia anataka kula. Tabetasō desu, anaonekana ana hamu ya kula. Waliojiandaa kwa JLPT, mtihani wa kupima uwezo wa Kijapani, watakwambia jinsi herufi hii inavyopendwa na watunga maswali ya kuchanganya watu.

Kanuni ina milango yake ya kutokea, vinginevyo ungeogopa kufungua mdomo. Swali kwa unayeongea naye ni ruksa, maana unamuuliza mwenye moyo. Sentensi iliyofunikwa ndani ya nyingine ni ruksa: Nihon e ikitai hito wa ōi desu, watu wanaotaka kwenda Japani ni wengi. Kukisia kwa deshō ni ruksa: Minna kaeritai deshō, bila shaka wote wanataka kurudi. Na katika hadithi msimulizi huingia mioyoni mwa wahusika bila kupiga hodi, kwa hiyo ukisoma riwaya ukakuta Kare wa kaeritakatta, usidhani kitabu kimekosea.

Sarufi safi, nyuso zimepoa

Hapa hakuna wino mwekundu. Umesema sahihi, lakini kuna kitu kimepungua hewani.

Mgahawani, ukimwambia mhudumu Mizu ga hoshii desu, utaletewa maji. Lakini umetangaza hali ya moyo wako badala ya kuomba, kama mtoto anavyomwambia mamake. Sema Omizu o kudasai, au Omizu o onegai shimasu. Dukani, Kore o kudasai. Mtanzania ataliona hili haraka, kwa kuwa amezoea "naomba chai" hata pale anapolipa. Mkenya aliyezoea "nataka chai" au "nipe chai" huonekana mkali kidogo akifika Dar es Salaam. Katika jambo hili Tokyo iko upande wa Dar.

Ukimkaribisha mtu, usimuulize anataka nini. Sensei, kōhii ga nomitai desu ka inamlazimisha mwalimu kuanika matamanio yake mbele yako. Nyumbani kwetu tunasema "karibu chai", hatumhoji mgeni. Wao wanasema Kōhii wa ikaga desu ka. Kwa rika lako, Kōhii o nomimasen ka inatosha, na mwaliko wa kutoka pamoja unapita njia hiyohiyo: Issho ni ikimasen ka. Ile Issho ni ikitai desu ka inasikika kama unampa mtu nafasi aombe kusindikizwa. Kwa rafiki wa karibu mambo ni mepesi: Nani ga tabetai? na Tanjōbi ni nani ga hoshii? (siku yako ya kuzaliwa unataka nini?) hazina ubaya wowote. Kwa hiyo usije ukazikimbia moja kwa moja na kuanza kuongea na wenzako wa bweni kama unahutubia bodi ya shirika.

Unapomwambia mkubwa haja yako mwenyewe, Ashita yasumitai desu (kesho nataka kupumzika) inasimama kama ukuta. Ilainishe kwa n desu ga, kisha nyamaza: Ashita yasumitai n desu ga… Hiyo ga ya mwisho ni sentensi iliyoachwa wazi makusudi, ili yeye aingie. Kazini ni salama zaidi kupanda ngazi moja: Ashita yasumasete itadakitai n desu ga, yaani naomba uniruhusu nipumzike kesho. Ni ndefu, ndiyo, ila inafaa ikaririwe nzima kama ilivyo kabla ya siku utakayoihitaji.

Kwenye usaili na kwenye insha za kuomba ufadhili, funga hamu yako kwa to omotte imasu: Nihon de nōgyō o benkyō shitai to omotte imasu, nafikiria kusomea kilimo Japani. Unaeleza wazo ulilokaa nalo, na ukali wa -tai unapungua. Lakini usiiweke katika kila sentensi. Ukurasa wenye omotte imasu saba unachosha kuliko ukurasa wenye shitai desu saba.

Unataka mtu mwingine afanye

Kiswahili kinasema "nataka mama aje" na kumaliza. Mwanafunzi akifuata mkondo huohuo anapata ✗Haha ga kuru hoshii, au mbaya zaidi Haha wa kitai desu, ambayo, ukiacha lile kosa la nafsi tulilokwisha kuliona, inasema mama ndiye anayetaka kuja.

Sasa ndipo umbo la -te linapoingia. Kitenzi katika -te, halafu hoshii, na mtenda apewe ni: Haha ni kite hoshii desu. Tomodachi ni tetsudatte hoshii, nataka rafiki yangu anisaidie. Kama unachotamani hakina mtu wa kukitenda, ni ga inayobaki: Ame ga futte hoshii, laiti mvua ingenyesha. Hoshii yenyewe inanyambuliwa vilevile kama kwenye jedwali. Kite hoshikatta, nilitaka aje.

Ukanushi una njia mbili ambazo hazifanani. Dare ni mo iwanaide hoshii ni ombi, naomba usimwambie mtu. Itte hoshikunai ni kueleza kutopenda, sipendi useme, na ikitamkwa usoni pa mtu hukwaruza. Wengi huchagua ya pili kwa sababu "sitaki useme" ndiyo inayowajia kwanza kichwani. Ukiwa unaomba, chagua ya kwanza.

Usimwelekezee mkubwa -te hoshii. Unataka mwalimu aipitie insha yako? Kono sakubun o mite itadakitai n desu ga, au iwe swali, mite itadakemasen ka.

"Ame ga furitai desu"

Kosa hili ni letu wenyewe; sijui kama Mfaransa angelifanya. -Taka ya Kiswahili ina kazi nyingine ambazo hazina moyo ndani yake. Tunasema mvua inataka kunyesha, mshumaa unataka kuzimika, nilitaka kuanguka pale ngazini. Hakuna anayetamani chochote, jambo liko karibu kutokea tu. -Tai haiwezi kazi hiyo. ✗Ame ga furitai inaipa mvua roho na matamanio, jambo linalopendeza katika hadithi ya watoto na kushangaza katika utabiri wa hali ya hewa. Tumia ileile sō ya mwonekano, safari hii ikibandikwa pale -masu ilipong'oka: Ame ga furisō desu. Rōsoku ga kiesō desu. Na la ngazini, lililopita, ni Korobisō ni narimashita.

Kazi ya tatu ni ya kuhitaji. Kazi hii inataka subira: Kono shigoto ni wa nintai ga hitsuyō desu. Shati linataka kupigwa pasi: Kono shatsu wa airon o kakenakereba narimasen. Na mtu akikwambia "unatakiwa ofisini", usitafute hoshii mahali popote. Jimusho no hito ga yonde imasu yo, wanakuita.

Unasikia "tai" mahali ambapo hakuna anayetaka kitu

Hili ni la masikio. Tai ni jina la samaki anayeheshimika sana katika karamu za Kijapani, na Tai ni nchi ya Thailand, kwa hiyo Tai de tai ga tabetai ni sentensi halali. Hizo ni rahisi. Inayosumbua ni mitai.

Mitai inaweza kuwa mimasu iliyopata -tai: Yama ga mitai, nataka kuona mlima. Ikifuata umbo la -te, ni "kujaribu": Tabete mitai desu, ningependa kuonja. Lakini ikikaa moja kwa moja nyuma ya nomino inaweza kuwa neno jingine kabisa, "kama": Kodomo mitai desu, kama mtoto. Kwa kawaida kijineno hukuokoa, kwani penye ga au o pana kuona. Katika maongezi ya vijana, hata hivyo, vijineno huanguka njiani, na Eiga mitai! inabaki na maana mbili, "nataka kutazama filamu" na "utadhani filamu!" Tazama mko wapi. Mwenzako akiitamka mbele ya machweo mekundu, hakuombi umnunulie tiketi.